Anawafundisha waandishi kuikataa habari

BUSIA: Saa saba mchana, mashine ya kusaga unga inaanza kunguruma, na Zefania Oboth anaanza somo.

Chumba chenyewe kiko nyuma ya mashine hiyo, upande wa Kenya, si mbali na kizuizi cha mpakani. Kina meza moja, mabenchi mawili na taipureta ambayo herufi moja imegoma kabisa na hujazwa kwa kalamu. Unga unapenya kwenye mianya ya mabati na kutua popote unapotaka: kwenye karatasi, kwenye nywele, kwenye chai. Anayeingia humo akiwa na suti nyeusi hutoka nayo ya kijivu.

Mashine ikizimwa, wote wananyamaza. Mwenye mashine anapomaliza debe la mteja mmoja na kumsubiri wa pili, wanafunzi wanne hukaa kimya wakiangaliana, na mwalimu wao huinua kidole kimoja juu. Mkanda ukianza kuzunguka tena, anaendelea palepale alipokatia. Alichagua saa hii na chumba hiki kwa sababu hiyo. Mlio wa mashine unafunika mlio wa taipureta, na maneno hayavuki ukuta. Busia ni mji wa watu wanaojuana, na masikio ya serikali ya kijeshi ya upande wa pili huvuka mpaka kila siku bila kuulizwa kipande cha utambulisho.

"Usiandike kwamba mimi ni jasiri," anamwambia mwandishi wa habari hizi kabla hata ya salamu kumalizika. "Andika kwamba nimechoka. Hiyo utaandika kweli."

Oboth ana umri wa miaka hamsini na minne. Alizaliwa Mella, wilayani Tororo, kwa wakulima wa wimbi na pamba, na kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba cha habari cha gazeti moja mjini Kampala, miaka saba ya mwisho akiwa naibu mhariri wa habari. Mwaka 1974, ndani ya mwezi mmoja, viti vitatu vya wenzake vilibaki wazi na hakuna aliyethubutu kuuliza wenyewe wako wapi. Akaomba ruhusa ya siku mbili kwenda Tororo kumwona mama mgonjwa. Mama yake alikuwa mzima, analima. Kutoka Tororo alipanda baiskeli ya kukodi hadi Busia, na zile siku mbili sasa zimekuwa miaka minne.

Leo anafanya kazi ya ukarani kwa wakala wa mizigo, akijaza fomu za malori yanayovuka. Mshahara ni shilingi mia tatu na hamsini za Kenya kwa mwezi, na ana mke na watoto watano katika chumba kimoja cha kupanga. Darasa halimlipi kitu. Wanafunzi huleta karatasi wakizipata, na mmoja wao huleta maharagwe.

Wanafunzi hao wote ni waandishi wa habari waliokimbia. Mtu anaweza kujiuliza mwandishi anafundishwa nini tena akiwa ukimbizini. Oboth analijibu swali hilo kama mtu aliyelijibu mara nyingi.

"Kuandika wanajua, tena wananishinda mimi," anasema. "Kitu hawajui ni kukataa. Kila mkimbizi anafika Nairobi na orodha ya maiti mfukoni. Wanaipeleka kwa gazeti, gazeti linachapa, halafu wiki inayofuata marehemu anaonekana Kisumu ananunua sukari. Sasa wale wazungu na wale Wakenya wamechoka na sisi. Tukipeleka ile ya kweli, nayo inatupwa pamoja na takataka."

Ndiyo maana hafundishi waandishi. Anafundisha wahariri wa habari za uchunguzi, watu ambao kazi yao ni kuichimba habari ya mwenzao hadi ifike kwenye mwamba, au ibomoke. Kila baada ya wiki mbili darasa hutoa karatasi ya kurasa mbili, inayonakiliwa kwa karatasi ya nta iitwayo stensili, na kusafirishwa Nairobi kwa magazeti, kwa makanisa, na kwa watu wa Ulaya wanaoandikia serikali barua kuhusu wafungwa.

Mafunzo yanaendeshwa kwa namna isiyozoeleka. Mwandishi aliyeleta habari husimama. Mwenzake mmoja huketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, kiti cha mhariri, na kuanza kumhoji. Swali la kwanza ni lilelile siku zote, na Oboth haruhusu libadilishwe: huyo aliyekuambia, alikuwa amesimama wapi?

"Usiniulize kama ni mtu mwaminifu," anasema. "Mtu mwaminifu anaweza kusimama nyuma ya nyumba. Uliza alisimama wapi, na macho yake yalifika wapi."

Zoezi la kwanza kabisa, mwaka juzi, lilihusu mbuzi. Mbuzi wa jirani alipotea sokoni, na Oboth akawatuma wanafunzi wake wakachunguze. Walirudi jioni, kila mmoja na mwizi wake, kila mmoja na mashahidi wake, wote wameapa. Alipowaketisha na kuwauliza swali lake, ikaonekana mashahidi wote walikuwa wameambiwa na mama mmoja muuza dagaa, na mama huyo alikuwa ameota. Mbuzi alikutwa kwa mwenyewe, amelala chini ya kitanda. Wanafunzi walicheka mpaka mwenye mashine akaja kuchungulia. Oboth anasema yeye hakucheka, maana alimkumbuka Ojiambo.

Habari ya Ojiambo anaisimulia kwa kila mwanafunzi mpya, na huisimulia akiwa amesimama.

Mwaka 1972 ilifika mezani kwake habari ya mistari mitano: karani wa reli aitwaye Ojiambo, Msamia, amekutwa amekufa mtoni. Ilitoka kwa mwandishi mzuri. Mwandishi aliipata kwa shemeji wa karani, na shemeji aliipata kwa mlinzi. Saa zilikuwa zimekwenda, ukurasa ulikuwa una nafasi ya mistari mitano, na Oboth akaipitisha.

Nyumbani kwa Ojiambo walisubiri mwili wiki mbili. Haukuja. Basi wakafanya kama desturi ya ukoo wao ilivyo mtu anapofia asikojulikana: walikata mgomba, wakauvika shuka, wakauombolezea na kuuzika uani. Baada ya matanga mjane alirithiwa na mdogo wa marehemu. Miezi tisa baadaye Ojiambo alitolewa kwenye selo aliyokuwa amefungwa, akatembea kwa miguu hadi kwao. Watoto wake walikimbia. Mama yake alizungumza naye kupitia dirishani tu, akamsihi aende zake, kwa kuwa mwanawe alikuwa amelala ardhini pale uani na yeye mwenyewe alikuwa amemfukia.

Ojiambo anaishi upande huu wa mpaka siku hizi, anatengeneza baiskeli. Hajaingia tena katika boma lake. Oboth alipofika Busia alimtafuta ili amwombe radhi.

"Aliona baiskeli yangu imelegea mnyororo," anasema. "Akaikaza. Nikatoa pesa, akakataa. Nikamwambia mimi ndiye niliyepitisha ile habari. Akaniambia breki pia zimekwisha. Mistari mitano tu, ndugu yangu. Mistari mitano imemzika mtu mzima."

Anakaa chini baada ya kusema hayo.

Kati ya wanafunzi wanne, anayemtegemea zaidi ni Rehemah, mwanamke wa miaka ishirini na tisa, kutoka familia ya Waislamu wasafirishaji wa mjini Tororo. Ndiye anayeleta maharagwe. Kabla ya kukimbia alikuwa akiliandikia gazeti bei za sokoni na ajali za barabarani. Rehemah ana ulimi mkali na hapendi kukatizwa, na wenzake humwogopa akiwa kwenye kile kiti.

Mwezi Agosti mwaka jana, madereva kumi na mmoja walishushwa kwenye malori yao katika kizuizi cha barabarani, wakishukiwa kubeba kahawa ya magendo, wakapelekwa katika kambi moja ya jeshi. Mmoja wao alikuwa Jamilu, kaka yake Rehemah, tumbo moja.

Tangu hapo Rehemah amekuwa akiichunguza habari hiyo, na darasa zima pamoja naye. Imewachukua miezi saba. Wanane kati ya madereva wamethibitishwa kuwa wameuawa. Miili yao iliokotwa, na watu wao waliitambua kwa macho yao. Walibaki watatu: mmoja wa Molo, mmoja wa Mukuju, na Jamilu. Shahidi wa hao watatu alikuwa mmoja, Swaliki, utingo wa lori la Jamilu, aliyeshikwa nao na kutoroka. Swaliki alisema amewaona wamelazwa ndani ya gari la jeshi, wamekufa. Sheria ya darasa ni mashahidi wawili wasiotegemeana.

Huko Tororo, mke wa Jamilu, Hadijah, amekuwa akingoja neno moja tu. Kama mumewe amekufa, inampasa kukaa eda miezi minne na siku kumi, watu wamjie na rambirambi, mali igawanywe, naye aanze upya akitaka. Kama yu hai, basi bado ni mke wa mtu na kilio ni haramu kwake. Kwa miezi saba hajawa mjane wala mke. Wakwe wamegawanyika, nusu wanataka hitima isomwe, nusu wanaona kusoma hitima ni kumuua.

"Wifi yangu haoni gazeti," anasema Rehemah. "Lakini ile karatasi yetu ikisema, mji wote utasema. Shehe mwenyewe anangoja sisi. Sasa wewe fikiri, kalamu yangu mimi ndiyo itamvalisha eda."

Mwanzoni mwa mwezi huu mwanafunzi mwingine, Omoding, kijana aliyekuwa akiandika habari za mahakama, alileta habari mpya. Kuna mama aitwaye Awor anayeuza chakula nje ya ile kambi. Amemtumia Omoding salamu kupitia mwendesha baiskeli: wale watatu wameisha. Omoding aliandika habari yote upya, majina kumi na moja, mashahidi wawili. Stensili ilikuwa ikatwe Alhamisi.

Oboth aliisoma, akaikunja, akamkabidhi Rehemah.

"Wewe kaa kwa kiti," alimwambia. "Omoding atasimama."

Omoding alipinga. Alisema si haki kumketisha mtu juu ya maiti ya ndugu yake. Wengine walimuunga mkono. Oboth hakubishana nao, alisema tu kwamba siku moja gazeti litakuwa lao na ndugu zao watakuwamo ndani, na siku hiyo yeye hatakuwapo.

Hapa Oboth anaungama jambo ambalo anasema hakuwaambia wanafunzi wake.

"Mimi nilikuwa nimekata shauri," anasema. "Rehemah akipitisha, nanyamaza. Nimemwona huyu mtoto miezi saba. Hali, halali. Yule wifi yake anakonda. Nikasema, basi, iende, wapumzike wote, hata mimi nipumzike. Ungekuja siku ile ungeona mwalimu gani huyu."

Rehemah aliketi. Mashine ilikuwa inanguruma. Alimuuliza Omoding yule mama alikuwa amesimama wapi.

"Hakusema," Omoding alijibu.

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize vipi, na salamu imeletwa na mtu wa baiskeli?"

"Basi tunakwenda kumuuliza," alisema Rehemah, na akainuka.

Awor huvuka mpaka siku za soko kununua chumvi na sabuni, kwa kuwa upande wa pili madukani mmebaki rafu tupu. Siku ya soko iliyofuata walimkuta anabishania bei ya mche wa sabuni. Oboth alikwenda pia, akajitenga kidogo karibu na mafungu ya dagaa, kofia imemfunika macho. Mwandishi wa habari hizi alisimama pamoja naye.

Awor ni mama mnene, mpole, mwenye sauti ya chini. Alipoambiwa Rehemah ni nani, aliiacha sabuni, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana. Ile watu watatu wameisha."

Ingeweza kuishia hapo. Shahidi wa pili alikuwa mbele yake, amesema kwa kinywa chake, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu dada kwa kulia na kurudi nyumbani. Rehemah hakulia. Mikono yake aliiacha mikononi mwa yule mama. Oboth alikuwa amekanyaga dagaa wa watu na hakujua. Anasema alikuwa anaomba Mungu, na hajui alikuwa anaomba nini.

"Mama," Rehemah alisema, "wewe siku hiyo ulikuwa umesimama wapi?"

"Mimi?" Awor alishangaa. "Mimi nakuwa kwa sufuria yangu. Nani atakwenda ndani kuona? Mimi si naona. Hiyo maneno naletewa na ile kijana, Swaliki. Siku yeye natoroka, nafika kwangu asubuhi, nalia, nakula chapati mbili, naambia mimi yote."

Mashahidi wawili walikuwa shahidi mmoja. Omoding aligeuza uso, akajifanya anaangalia sabuni.

Jioni hiyohiyo Rehemah alimwendea Swaliki, ambaye anabeba magunia katika ghala moja mjini. Alikuwa amemhoji mara tatu kabla, lakini anakiri kwamba mara hizo tatu alimhoji kama dada. Mara hii alimtaka amwonyeshe kwa kulala chini. Swaliki alilala sakafuni, akajivuta chini ya turubai kama alivyokuwa amejificha siku ile. Rehemah akasimama palipokuwa na lile gari la jeshi, akamuuliza anaona nini.

"Miguu," alisema Swaliki.

"Siku ile je?"

"Miguu. Miguu sita, hakuna viatu."

"Na nani alikuambia ni wao?"

Swaliki alinyanyuka akiwa amejaa vumbi. "Sasa wangekuwa nani wengine, dada?" alisema, na machozi yakamtoka.

Alhamisi karatasi ilitoka na majina manane. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: madereva wengine watatu hawajulikani walipo. Rehemah ndiye aliyeyafuta yale matatu, la kaka yake kwanza. Omoding alimwambia watu wa Tororo watasema amemficha ndugu yake, au amepewa pesa.

"Watasema," alijibu Rehemah, akaendelea kufuta.

Alipoulizwa na mwandishi alivyojisikia, alitazama mlango kwanza. "Nataka Jamilu awe hai," alisema. "Na nataka niambiwe amekufa, nilale. Vyote viwili nataka, kila siku, kwa saa ileile. Sasa mtu kama huyo unampa kalamu? Mzee amenipa. Mimi bado namkasirikia."

Ijumaa, baada ya sala, Hadijah mwenyewe alivuka mpaka. Alikuwa amesikia karatasi imetoka. Alifika pale kwenye mashine amevaa buibui lililopauka, ana kikapu cha viazi kama mtu aliyekuja kusaga, na hakukaa alipokaribishwa. Oboth alitaka kuwapisha, Rehemah akamwashiria abaki.

"Wifi," alisema Hadijah, "mimi sijui kusoma. Niambie wewe. Nikae eda au nisikae?"

Mwenye mashine alikuwa amesimamisha mkanda, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Kwa sheria yao hakuna aliyepaswa kusema neno. Rehemah alisema.

"Sijui, wifi. Nimetafuta mpaka mwisho, na sijui."

Oboth anasema alitegemea mayowe. Badala yake Hadijah aliweka kikapu chini, akaketi kwenye benchi, akavua viatu vyake vilivyojaa vumbi.

"Watu wanne wamenila pesa wakisema wanajua," alisema. "Mmoja ameuza hata kitanda changu. Wewe ni wa kwanza kuniambia hujui." Akakung'uta viatu. "Utaendelea kuuliza?"

"Nitaendelea."

"Basi mimi nitangoja na wewe," alisema Hadijah, na akaomba maji ya kunywa.

Jumatatu iliyofuata Oboth alichelewa kufika, jambo ambalo halijatokea kwa miaka miwili. Alipoingia, Rehemah alikuwa ameshaanza, na kulikuwa na uso mpya kwenye benchi, mwandishi aliyefika juzi kutoka Mbale akiwa na majina ishirini mfukoni. Alikuwa amesimamishwa na anatoka jasho. Oboth alipita nyuma polepole, akaketi, akaegemeza kichwa kwenye mabati.

Anasema ana mpango mmoja tu, na si wa kesho. Serikali ile itaondoka, kwa njia moja au nyingine. Siku hiyo magazeti ya Kampala yatafunguliwa madirisha, na kila mtu nchini atakuja na maiti wake, wa kweli na wa kusikia, akitaka achapwe kabla ya jua kutua. Patakuwa na magazeti matatu au manne, mezani pa kila moja kuna kiti, na lazima akae mtu ambaye ataweza kumtazama mjane machoni na kumwambia hajui.

"Nahitaji watu wanne," anasema Oboth, akiwa amefumba macho, sauti yake ikimezwa na mashine. "Mmoja ninaye."